Jogoo Ndani ya Mbege

Kwanza niwatoe wasiwasi: mbege ile, pombe ya ndizi ya Wachaga, ilinywewa yote. Wazee wa Marangu, kule Kilimanjaro, hawamwagi ndoo ya lita 20 kwa sababu ya simu moja.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alipata mchumba huko Marangu, na ukoo ukanichagua mimi niwe mshenga. Sifa yangu ilikuwa moja tu: naandika vizuri kwenye grupu la ukoo. Hakuna aliyewahi kuniona nikisimama kusema mbele za watu, ila salamu zangu za rambirambi huwa zinawaliza. Basi nikaiandika hotuba ya posa kwenye simu, aya 11, pamoja na mafumbo yake, majina matatu ya binti, majina ya baba yake, na salamu za Kivunjo, Kichaga cha huko Marangu, ambazo mke wangu alinifundisha kutamka. Mimi nimekulia Majengo, hapo Moshi mjini. Kichaga changu kinaishia kwenye "aika", yaani asante.

Simu yenyewe lazima niielezee. Ndiyo inayoniamsha. Ndiyo iliyobeba pesa zangu zote. Ndiyo tochi umeme ukikatika, na ndiyo inayonihesabia hatua nikienda dukani kununua vocha. Tena kila baada ya saa mbili inawika kama jogoo kunikumbusha kunywa maji, maana mtu mzima wa miaka 41 hawezi kujua kama ana kiu mpaka aambiwe.

Tulitoka stendi ya Moshi kwa daladala, tukapita Himo, tukashuka Marangu Mtoni. Mbege ilikuwa imeshapikwa na mama mmoja jirani na hapo: ndizi mbivu zilizochemshwa vizuri, ulezi, magome ya msesewa ya kutosha kuleta uchungu kwa mbali. Ndoo mbili. Vifuniko vilikuwa vimeegeshwa tu bila kukazwa, kwa sababu mbege inapumua. Ukiikaza itakufundisha adabu.

Sasa, ungekuwa wewe usingepiga picha? Nikafunua ndoo moja, povu limesimama vizuri, nikapiga picha nne za stetasi. Nikaitumbukiza simu kwenye mfuko wa shati, nikainama kunusa. Bodaboda zilikuwa zinapiga honi, baba mdogo anabishana na mtu kuhusu nauli ya ndoo, na mimi nikasikia "chubwi". Nikajisemea, duh, mbege hii bado inachachuka. Nikafunika.

Niligundua sebuleni kwa wakwe, nikiwa nimeketi kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, wazee saba wananitazama. Nikapapasa shati. Nikapapasa suruali. Nikapapasa mpaka shati la mdogo wangu. Baba mdogo akachukua simu yake akapiga: haipatikani.

"Konda," akaninong'oneza. "Yule konda nilimwona macho yake tangu Himo."

Tukamlaani konda wa watu kimoyomoyo hadi mwenye nyumba alipokohoa. Mwenye nyumba ni babu wa binti, mzee mkavu, mrefu, kila mtu anamwita Meku. Alikuwa ametoka kututajia, bila kutazama popote, mababu zake vizazi sita, ng'ombe wake wote aliowahi kufuga, na kilo za kahawa alizouza mwaka 1977. Alipomaliza akasema, "Haya, wageni. Mmesema mna neno."

Nikasimama. Kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu: namba ya simu ya mama, tena ile ya zamani inayoanza na 0744, kabla hazijageuzwa kuwa 0754. Hotuba haikuwepo. Salamu za Kivunjo hazikuwepo. Jina la binti hapa silitaji kwa heshima ya familia. Siku ile sikulitaja kwa sababu sikulikumbuka.

"Shikamoni wazee wangu," nikaanza.

"Marahaba," wakaitika wote, wakasubiri. Nikasubiri na mimi.

Mdogo wangu akanikanyaga mguu. Hapo nikashika fumbo la kwanza lililopita karibu. "Wazee wangu," nikasema, "sisi kwetu tuna jogoo. Jogoo huyu tumemlea vizuri, ila siku hizi hatulii bandani. Tumefuatilia, tukaambiwa ameonekana huku Marangu, ameona tetea kwenye boma hili. Basi tumekuja kuuliza kama mmesikia sauti yake..."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kamili.

"Gogorigoooo," ikasema ndoo.

Naomba mtu asinidanganye kwamba simu ikiwekwa kimya inakuwa kimya. Mlio wa simu unanyamaza, kengele ya kukumbushwa hainyamazi. Na kwa sauti ile ya kutoka chini ya ulezi, jogoo alikuwa kama amelewa na ana mafua. "Gogorigoooo." Kifuniko kikawa kinatetemeka. Shangazi wa binti akasema "Yesu wangu!" akapanda juu ya kochi na viatu vyake. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka, akauliza kama kumekucha.

Meku hakutikisika. Aliisikiliza ndoo mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Mshenga. Huyo jogoo wenu anaogelea?"

Ililetwa kata. Nikachota mara ya kwanza, mbege tupu. Mara ya pili, "ko!" Ikaibuka imevaa povu, kioo kinawaka, maandishi meupe yakisomeka vizuri kabisa: KUNYWA MAJI. Mtoto wa shule aliyekuwa mlangoni akayasoma kwa sauti. Nadhani hapo ndipo nyumba ilipoanguka kwa kicheko. Mimi sikuona vizuri, nilikuwa natazama miguu yangu.

Kosa lakini ni kosa. Meku alinitoa nje, akaniambia nikachume jani la sale nije niombe radhi kama mtu. Nikazunguka kihambani, katikati ya migomba na mibuni, nikamletea jani la kahawa. Akanitazama kwa huruma. Sale lilikuwa limepandwa kwenye mpaka mzima wa shamba, nimelipita mara tatu. Hata uani kwangu mjini lipo. Miaka yote nalijua kwa jina la "ua wa fensi".

Ndipo wingu likafunguka. Kibo yote ikatokea nyeupe juu ya migomba, Mawenzi kulia kwake imechongoka, na jua la jioni liko pembeni. Mkono wangu ukaenda kwenye mfuko wa shati wenyewe, bila kutumwa.

"Unatafuta nini?" akauliza Meku. "Mlima uko huku."

Tukasimama. Sijui ni muda gani, maana saa yangu ilikuwa inakaushwa jikoni kwa khanga. Picha ya mlima huo huo ipo kwenye kioo cha simu yangu tangu mwaka 2019, niliipakua, imepigwa na mtu kutoka upande wa Kenya. Meku alinionyesha alipochungia akiwa mtoto, na mfongo unaoshusha maji kwenye kihamba chake. Nikachota kwa viganja nikanywa. Kiu nilikuwa nayo kweli.

Posa ilikubaliwa. Faini, ndoo moja ya nyongeza. Nauli ya kurudi nilikopeshwa na bwana harusi, na mke wangu aliifukia simu kwenye mchele siku tatu. Ikawaka. Inanukia mbege mpaka leo ikipata joto, na ule mchele ulipikwa Jumapili wageni wakauliza umetiwa viungo gani.

Siku ya harusi zililetwa ndoo 14. Kabla hazijabarikiwa, Meku aliomba mwiko mrefu. Mbele ya turubai zima akaanza kukoroga ndoo moja baada ya nyingine, taratibu, macho yake yakiwa kwangu. Alipofika ya mwisho akauweka mwiko chini, akainama, akatega sikio.