Bomba lililomkwepa jirani

Septemba 26, 2022, bahari ilitokota karibu na kisiwa cha Bornholm, Denmark. Duara la povu, upana wake kama kilomita nzima. Ilikuwa gesi ya Urusi ikipanda juu baada ya kulipuliwa mabomba matatu kati ya manne ya Nord Stream, njia ya gesi kutoka Urusi hadi Ujerumani.

Watu bado wanabishana nani alilipua. Mimi nauliza la mwanzo kabisa: kwa nini yalipitishwa baharini?

Njia ya nchi kavu ilikuwepo tangu enzi za Wasovieti, ikikatiza Ukraine. Ila jirani hutaka ada yake, na mkigombana anaathirika kila aliye mbele ya bomba. Januari 2009 Urusi na Ukraine zilivutana kuhusu bei na madeni, gesi ikakatika karibu wiki mbili, na Bulgaria na Slovakia zikaumia katikati ya baridi kali. Wajerumani na Warusi walikuwa wameshaafikiana tangu 2005: kilomita 1,224 chini ya Bahari ya Baltiki, kutoka Vyborg, Urusi, hadi Lubmin, Ujerumani, bila kumbishia hodi mtu. Gerhard Schröder, Kansela wa Ujerumani aliyeubariki mradi, alipotoka madarakani akapewa kiti kwenye kampuni hiyohiyo. Haya.

Jozi ya kwanza ilianza kazi kati ya 2011 na 2012, uwezo wake mita za ujazo bilioni 55 kwa mwaka. Ya pili ilikamilika 2021 na haijauza gesi hata siku moja.

Sasa tazama kilichotokea vita vya Urusi dhidi ya Ukraine vilipopamba moto Februari 2022. Bomba la Ukraine, lile lililoogopwa, liliendelea kupitisha gesi ya Urusi, makombora yakirushwa, hadi mkataba ulipoisha Januari 1, 2025. Ukraine ilikuwa ikilipwa, na wateja walioko ng'ambo yake walikuwa ni watu inaowahitaji. La baharini Urusi yenyewe ililifunga mwisho wa Agosti 2022, kisha likapasuliwa kwenye kina cha mita kama 80, mahali ambapo hakuna mwenyeji wa kupiga yowe. Kumkwepa jirani ni kumkwepa na mlinzi pia, na hilo sikuona likipigiwa hesabu.

Kesho yake, Septemba 27, viongozi wa Poland na Denmark walizindua Baltic Pipe, bomba la kuleta gesi ya Norway. Nalo linapita chini ya bahari ileile. Povu la Bornholm lilikuwa bado linatoka.