Kila Mzee Mtaani Alimuona Armstrong Laivu

Jamani wazee wa kijiweni kwetu watanitoa roho. Ukigusia tu habari za kwenda mwezini, umekwisha, kila mmoja atakwambia mwaka 1969 alimuona Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, laivu kwenye tivii. Laivu! Kuna mmoja anaapa kabisa alikuwa Tabora, tena anakuelezea mpaka vumbi lilivyotimka. Mzee wangu shikamoo, lakini huku bara televisheni imeingia 1994, hata Zanzibar waliotutangulia ni miaka ya 70, sasa hiyo ya kwako uliiona kwenye sufuria? Halafu jamaa kakanyaga kule Julai 21, kwa saa zetu ni saa kumi na mbili kasoro dakika nne alfajiri, muda ambao wewe hata adhana haikuamshi. Wanasema watazamaji dunia nzima walifika kama milioni 600, mi naona walisahau kuhesabu kijiwe chetu.

Ila wanaonikera zaidi ni wale waliokuwa na tivii kweli. Wamarekani wale, miezi minne tu baadaye, Apollo 12, safari yao nyingine ya mwezini, inaenda na kamera ya rangi, mwanaanga Alan Bean akaielekeza kwenye jua bahati mbaya, kamera kwishney, watangazaji wakabaki wanahangaika studio. Ikaja Apollo 13, Aprili 1970, watu watatu wako zaidi ya kilomita laki tatu kutoka nyumbani, wanarusha matangazo yao vizuri wanaelea elea mle ndani, na vituo vikubwa vya Marekani vyote havikuonyesha, yani mpaka mke wa Lovell, kamanda wa safari, ilibidi aende kulekule NASA, shirika lao la anga, ndo amuone mumewe!! Dakika chache baada ya matangazo tangi la oksijeni likapasuka. Ehee, hapo sasa kila mtu kaganda kwenye tivii anaomba dua. Basi likifika salama nani anauliza?

Na NASA wenyewe nao. Picha iliyoingia sebuleni kwa watu siku ile ya Armstrong ilikuwa ni kamera nyingine inaipiga picha skrini, ndo maana inaonekana kama mizuka. Picha safi ilikuwa kwenye kanda zao, na kanda hizo wakazifuta wakarekodia mambo mengine. Wafute! Sisi huku mtu akirekodi juu ya kanda ya harusi ukoo mzima unaitishwa kikao.

Mimi angalau nimetazama ya kwangu, Agosti 23, 2023, Wahindi wanatua na chombo chao Chandrayaan-3, hakina mtu ndani, karibu na ncha ya kusini ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri, YouTube peke yake tulikuwa zaidi ya milioni 8 kwa wakati mmoja. Tunatazama nini? Katuni ya chombo, migongo ya mainjinia, na grafu. Bando linakatika huku nashangilia mstari. Nikamwita mama watoto aje aone historia, akachungulia, akauliza huyo mgonjwa ni nani mbona mapigo ya moyo yanashuka, akarudi kwenye tamthilia yake.