Mlango wa bibi uliuzwa nikiwa Leicester

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu Leicester, Uingereza, katika nyumba ya matofali mekundu ya zama za Malkia Victoria, moja ya zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima. Tulipohamia, milango yote ya ndani ilikuwa ya kisasa, myepesi, ukiigonga inalia kama debe tupu. Sikujali. Nilikuwa nimetoka Unguja na kichwani mwangu Ulaya ni vitu vipya.

Aliyenibadilisha ni jirani yangu, mzee mmoja aliyestaafu useremala. Jumamosi moja alinipeleka kwenye yadi inayouza vitu vilivyong'olewa katika majengo ya kale. Milango imeegeshwa kwa mafungu kama vitabu kwenye rafu, kila mmoja umeandikwa vipimo vyake kwa chaki. Pembeni kuna vizingia meko vya chuma cha kusubu, vigae vya sakafu, madirisha ya vioo vya rangi, vitasa vya shaba vimejaa ndoo. Na matofali, marundo kwa marundo. Muuzaji alituambia kuwa tofali lililojengewa chokaa ukiligonga kidogo linatoka safi na linajengea tena, ila lililojengewa saruji huvunjika kabla saruji haijaachia.

Nikamkumbuka babu. Nyumba yetu ya Sokomuhogo, Mji Mkongwe wa Unguja, aliipaka chokaa kwa mkono wake, na hakutaka hata kuuona mfuko wa saruji karibu na zile kuta. Mawe ya matumbawe hunywa maji ya mvua kisha huyatoa taratibu. Ukiyaziba kwa saruji unyevu unabaki ndani, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza bila mtu kuona, mpaka siku dari inaposhuka. Babu hakusoma popote jambo hili. Nilisafiri hadi Uingereza ndipo nikalisikia tena, kwa mtu anayeuza matofali.

Siku ile nilinunua mlango wa msonobari wenye vibao vinne. Ulikuwa na rangi juu ya rangi: nyeupe, kijani, hudhurungi. (Anayetaka kufanya kama mimi asisugue rangi kuukuu kwa msasa mkavu, maana rangi nyingi za zamani zina risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.) Nilipofika kwenye mbao yenyewe nikaona mahali kitasa cha kwanza kilipokuwa. Seremala fulani alilijaza tundu kwa kiraka cha mbao, akakifuatisha na mishipa ya ubao. Ukipitisha kidole husikii mshono. Kwenye risiti muuzaji alikuwa ameandika mtaa ulikotoka mlango ule, nyumba iliyobomolewa kupisha barabara.

Msidhani Waingereza walizaliwa na mapenzi haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 palikuwa na mtangazaji wa BBC, Barry Bucknell, aliyewaonyesha watu kwenye televisheni namna ya kuzifanya nyumba kuukuu zionekane za kisasa, na njia mojawapo ilikuwa kuipigilia milango ya vibao hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, iwe bapa. Watu walifuata kwa furaha. Miaka hiyohiyo lango kubwa la mawe la stesheni ya Euston, London, lilivunjwa na mawe yake mengi yakatupwa kufukia shimo kwenye njia ya maji mashariki ya jiji. Leo wajukuu wanabandua hadibodi kwa nyundo, na wasiobahatika kuukuta mlango chini yake wanakwenda yadi kununua wa nyumba nyingine.

Kwetu ndiyo kwanza tuko kwenye zama za hadibodi, na hili linaniuma.

Mlango wa nyumba yetu ulikuwa na miimo iliyochongwa mnyororo kuanzia chini hadi juu, maua ya mviringo kwenye kizingiti cha juu, na mfaa, ule ubao wa wima wa katikati zinapokutana mbawa mbili, uliolainika kwa mikono ya watu. Mbawa zake hazikuwa na bawaba, zilizunguka kwenye ncha za mbao zilizoingia matunduni juu na chini, na kila alfajiri babu akitoka kwenda msikitini tuliusikia ukiguna. Nilirudi likizo nikakuta mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijivu. Miimo ilipong'olewa ukuta ulimeguka, wakauziba kwa saruji. Mnunuzi alikuwa mtu wa hoteli.

Nilimwendea ami yangu nimejaa hasira. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, bibi yako alikuwa analala na beseni miguuni, paa linavuja. Zile pesa ndizo zilizoezeka. Wewe ulileta nini?"

Nilikuwa nimeleta simu na manukato.

Tangu siku hiyo sikubali mtu wa ughaibuni akiniambia kuwa watu wa nyumbani hawathamini vitu vyao. Huku Uingereza kuna sheria ya mwaka 1990 inayomfanya mkosaji anayebadilisha jengo lililoorodheshwa kuwa la kihistoria bila kibali. Kenya ina sheria ya turathi ya mwaka 2006 inayoutaja kwa jina mlango uliochongwa kabla ya 1946, na ile ya Tanganyika ya 1964 inataja iliyochongwa kabla ya 1940. Mji Mkongwe una mamlaka yake tangu 1985 na uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000. Lakini hakuna sheria inayoezeka paa. Anayeishi ndani ya nyumba ile ndiye anayebeba gharama ya uzuri tunaoupiga picha sisi tukija Desemba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mlango ulio ukutani, nyumba ikiwa imesimama, siununui, hata mwenyewe akinibembeleza. Nampa mchango wa chokaa. Sebuleni kwangu hautakaa mlango uliomwacha mtu na tundu. Ila nyumba iliyokwisha anguka ni jambo jingine, na kwetu zinaanguka. Hata Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nyumba ndogo zinapoporomoka, mbao huishia jikoni na mawe kwenye kifusi. Na sisi hapohapo, tunaojenga Fuoni, Tunguu na Chukwani kwa pesa za huku, tunaagiza milango ya kontena iliyobandikwa karatasi yenye sura ya mbao. Mvua mbili tu karatasi inabanduka. Kwa nini tusimuulize fundi, kabla ya kuagiza, nyumba gani imeanguka mwaka huu na nini kimeokolewa?

Mimi nimeuliza. Nyumba moja ya Malindi ilianguka masika, na ami, yuleyule, aliwahi kabla mbao hazijapasuliwa kuni. Tuliwalipa wenyewe mbele ya sheha, tukaandikiana. Tumepata mbawa mbili, miimo na kizingiti cha juu. Mfaa haukuonekana. Vyote vimelazwa chini ya turubai Fuoni, vimeshapakwa mafuta, na fundi mwashi nimemwambia tundu la mlango aliache kwa kipimo chake, asilipunguze.

Seremala alitaka kunichongea mfaa mpya unaofanana na miimo, halafu aukoleze kwa moshi uonekane wa zamani. Nimemkatalia. Nimemwomba atumie mvule, achonge maua anayoyajua yeye, na chini kabisa, karibu na kizingiti, aandike mwaka huu na herufi za jina lake.