Supachaja ya kujifungia: hofu imewekwa pasipo pake

Wapenzi wa Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya injini ya lita 1.6 iliyotoka mwaka 1989, hawajamaliza ubishi kuhusu mtu anayeng'oa supachaja (pampu inayozungushwa na injini ili kuisukumia hewa zaidi) ya Eaton M45 kwenye Mini Cooper S iliyogongwa (zile za 2002 hadi 2006) na kuifunga mwenyewe kwa mabano aliyoyachomelea gereji. Wanaompinga wanasema anaua injini nzuri ili kukwepa bei ya seti ya dukani. Wana hoja. Ila lawama nyingi wanazomtupia zinaangukia mahali ambapo hakukosea.

Wanachokibeza zaidi ni mabano na puli, na hapo ndipo kazi yake ilipo rahisi kukaguliwa. M45 husukuma takriban lita 0.74 kwa kila mzunguko wake. Injini ya 1.6 huvuta lita 0.8 kwa kila mzunguko wa krankishafti, mhimili wake mkuu. Chagua puli zinazoizungusha supachaja mara moja na nusu kwa kila mzunguko wa injini, toa hewa inayopenya kurudi nyuma, na shinikizo la ziada linakuja karibu na bari 0.4. Hesabu hiyo unaimaliza kwa penseli kabla hujanunua boliti. Turbo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ingemdai manifoldi mpya ya ekzosi na mabomba ya oili. M45 ina oili yake ndani. (Ya Mini iangaliwe upande wa nyuma, penye gia za kuendeshea pampu ya maji: oili ya huko hukauka na gia zikalika.)

Kinachoua injini ni joto, na watu wa pande zote mbili hulipita haraka mno. Chukua hewa ya nyuzi 30, igandamize kwa bari 0.4 kwa kifaa cha aina hii chenye ufanisi wa asilimia 55 hivi: inatoka ikiwa na nyuzi 86 hivi. Hewa ya moto imetanuka. Kwa hiyo shinikizo limepanda asilimia 40, lakini uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda umepanda asilimia 18 tu. Zaidi ya nusu ya ulichokifungia supachaja kimepotea, na mchanganyiko huo wa moto wa hewa na petroli unaingia kwenye injini yenye mbano wa 9.4 kwa 1, tayari kugonga, yaani kulipuka kabla ya wakati wake. Ipoze hewa hiyo kwa intakula (kipozea hewa) hadi nyuzi 50, na faida inafika asilimia 31.

Mtu wa Nairobi aipime namba hiyo kwa uzito wake. Kwenye mita 1,700 hivi, injini ya kawaida imeshakosa karibu asilimia 18 ya hewa ambayo ingeipata Mombasa. Supachaja isiyopozwa, kwa kazi yote hiyo, haimrudishii hata hewa ya pwani.

Sasa, seti ya Jackson Racing ya Marekani, ambayo wengi waliihesabu kuwa njia salama, ilitumia M45 hiyohiyo na iliuzwa bila intakula. Anayejifungia akaongeza intakula amelitunza gari vizuri kuliko mnunuzi.

Hoja ya wapinzani ninayoikubali bila kusita ni ya mafuta. MX-5 za mwanzo hupima hewa kwa kijimlango kinachosukumwa na upepo wa kuingia. Kikishafunguka chote, kompyuta haioni hewa inayozidi, petroli inapungua pale inapohitajika zaidi, na pistoni inayeyuka. Aliyetengeneza seti alilijaribu hilo kabla ya kuuza. Wa nyumbani anaweza kuwa anakisia. Lakini tangu 2001 ipo MegaSquirt, kompyuta ya injini ya Bowling na Grippo ambayo mtu huipanga mwenyewe, na kipimo cha oksijeni cha bendi pana humwonyesha hali ya mchanganyiko gari likiwa linakimbia.

Kwa hiyo ningependa maswali anayoulizwa yabadilike. Aonyeshe rekodi ya mchanganyiko akiwa amekanyaga mafuta yote, na joto la hewa baada ya kuvuta gia ya tatu mara kadhaa mfululizo. Akiwa nazo, mabano yake yaachwe. Akiwa hana, nasimama na wanaompinga: mkanda wa supachaja utolewe mpaka azipate.