Nilivyoipa Geelong Kombe Mbele ya Mzee wa Hawthorn

Kabla hamjairudia tena ile sauti aliyorusha shemeji kwenye grupu, nisikilizeni na mimi. Si kweli kwamba nilisema Hawthorn, timu ya futi (ule mpira wa Kiaustralia), haijawahi kuchukua kombe. Nilisema haikuchukua la 2008. Ni balaa, sawa, lakini ni balaa ya aina nyingine.

Jana pale klabu, Melbourne, zawadi ya shindano la maswali ilikuwa sinia la nyama: steki, chopsi, soseji. Meza yetu ni watu wa Dar na Mombasa watupu, na kwenye futi huwa wananiachia mimi maiki. Na nilikuwa moto, hilo shemeji kaliruka. Nani kafunga magoli mengi kuliko wote? Tony Lockett, 1,360. Fainali zilizoisha sare? 1948, 1977, 2010. Mchezaji kapiga kwa mguu mara 18 na kutoa pasi za ngumi 14, ameugawa mpira mara ngapi? 32, zinajumlishwa tu. Mpira umepigwa mita 10 ukadakwa, ni maki (yaani kudaka kunakokupa haki ya kuucheza bila kubughudhiwa)? Si maki, mpaka usafiri mita 15.

Likaja la mwisho, tuko sare na meza ya jirani. Kwenye skrini: fainali ya 2008, Geelong 11.23, Hawthorn 18.7. Jumla wameificha. Nani alishinda, na kwa pointi ngapi?

(Wageni wa futi: hiyo nukta si desimali. Namba ya kwanza ni magoli: mshambuliaji kaupiga kwa mguu, ukapita kati ya nguzo mbili ndefu bila kuguswa. Kila moja pointi 6. Ya pili ni bihaindi: umepita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi. Pointi 1. Unazidisha ya kwanza kwa 6, unaongeza ya pili. Nilikuwa nimeiandika kanuni hiyo kwenye karatasi, iko chini ya kiwiko changu.)

Sasa twende polepole. Muda wote nilikuwa nawahubiria wenzangu habari ya majaribio: "Msitazame jumla, hesabuni timu imefika langoni mara ngapi." Kichwa kikagoma kutoka huko. Naona 11 na 23, nasema moyoni 34. Naona 18 na 7, 25. Mkono juu. Maiki inakuja. Shemeji ananivuta shati, mimi nadhani ananishangilia.

"Geelong," nikasema. "Kwa 9."

Ukumbi ukanyamaza. Mwendesha maswali, mtu mwenye huruma, akaniuliza kama nina uhakika. Yaani kanifungulia mlango wa kutokea, na mimi nikaupiga komeo. "Geelong hawa," nikaanza, maiki iko mdomoni kabisa, "msimu ule walipoteza mechi moja tu kati ya 22 kabla ya mtoano! Mwaka 2007 wamebeba kombe kwa tofauti ya pointi 119. Mwaka 2009 wamebeba tena. Hapo katikati angebeba nani?" Kisha, sijui nani alinituma, nikamgeukia mzee wa meza ya jirani: "Mzee, namba hazidanganyi."

Mzee alikuwa na skafu. Ya kahawia na dhahabu. Kwa wasiojua, hizo ni rangi za Hawthorn. Kwenye skafu kuna beji, kwenye beji kuna mwaka. Nikausoma ule mwaka nikiwa bado nimenyoosha kidole.

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Akasema taratibu, "Zidisha kwa 6, rafiki yangu." Nikazidisha, na maiki haijazimwa, ukumbi mzima ukanisikia nikinong'ona: 18 mara 6, 108, na 7, 115. 11 mara 6, 66, na 23, 89. Hawthorn. Kwa 26.

Mengine mafupi. Sinia likaenda kwao. Mzee akaja kukaa kwetu akanimalizia kabisa: kati ya zile bihaindi 23, 11 Geelong hawakuzipiga hata. Mabeki wa Hawthorn ndio waliousukuma mpira nyuma ya mstari wao wenyewe, maana ukitoa pointi 1 hivyo unaokoa 6, halafu mpira wa kuanzisha ni wako. Watu walilalamika sana, na 2009 sheria ikabadilishwa: ukifanya makusudi, mpinzani anapewa mpira wa adhabu hapohapo mbele ya lango lako. Kwa hiyo hata yale majaribio 34 niliyoyahubiri, karibu theluthi moja ilikuwa hewa.

Akatutolea pakiti ya soseji kwenye sinia, kwa sharti moja: nirudi kwenye maiki nisome matokeo kama yanavyosomwa. Nikasoma. Hawthorn kumi na nane, saba, mia moja na kumi na tano. Shemeji, hicho kipande mbona hukukirekodi?