Kifaranga Anayepiga Msamba Si Mgonjwa, Acheni Kumtupa

Jumamosi hii gulioni Tengeru, Arusha, mama mmoja alimrudia muuza vifaranga akiwa na boksi lake. Chotara wa siku mbili, wachangamfu, macho maangavu, ila watatu kati yao miguu ilikuwa imekwenda kila mmoja upande wake. Muuzaji hata hakuwashika. "Hao watupe tu, mama. Huo ni ugonjwa, watawaambukiza wenzao." Na mama wa watu akawatupa palepale, kwenye lundo la maganda ya ndizi, wangali wanalia.

Nimeudhika, na sioni sababu ya kuficha.

Kifaranga anayepiga msamba hana cha kumwambukiza mwenzake. Alichonacho ni sakafu mbaya. Yai linakaa kwenye mashine siku 21, na siku ya 18 linahamishiwa kwenye trei ya kuangulia. Trei yenyewe mara nyingi ni bati au plastiki inayoteleza. Kifaranga anatoka amelowa, anajaribu kusimama, mguu unateleza. Anajaribu tena, unateleza tena. Misuli ya mapaja haijapata nguvu na mifupa bado ni laini, kwa hiyo baada ya saa chache miguu inazoea kukaa pembeni. Joto la mashine likiwa linapanda na kushuka, ndiyo kabisa. Halafu anafika nyumbani kwako, Sakina ya Arusha au Pasua ya Moshi, unamtandikia gazeti, gazeti linalowa maji na kinyesi, na yule aliyekuwa anayumba kidogo sasa analala tumbo.

Gazeti! Kila banda la kulelea ninaloingia nalikuta. Najua ni la bure, na ni kweli kwamba kifaranga wa siku ya kwanza akiwekwa juu ya maranda matupu atayadonoa akidhani ni chakula. Hilo nakubali. Lakini tandika gunia au taulo kuukuu juu ya hayo maranda kwa siku mbili tatu, chakula ukimwage kwenye trei ya mayai ya karatasi, na wakishajua chakula ni kipi, ondoa kitambaa. Hakuna gharama hapo ya kumshinda mtu.

Sasa huyo ambaye miguu imeshatanuka. Dawa yake ni plasta ya kidonda, ile ya duka la dawa za binadamu, na bei yake haifikii bei ya kifaranga mmoja. Ikate kwa urefu upate utepe mwembamba. Mlaze kifaranga chali kwenye kiganja. Zungushia utepe mguu wa kwanza, kati ya vidole na lile goti linalotazama nyuma, upeleke mguu wa pili, uzungushe, kisha katikati ubandike gundi kwa gundi ili usinase manyoya. Nafasi kati ya miguu iwe ile ya kifaranga mzima akisimama, kama sentimita 2 na nusu. Mwanzoni ataanguka kifudifudi na kulia sana. Usimfungue kwa huruma. Msimamishe kwa vidole vyako, mchovye ncha ya mdomo kwenye maji, mrudishe kwenye taulo na mwenzake mmoja mpole, mbali na kundi linalomkanyaga. Kwenye chombo cha maji weka kokoto, asije akazama. Kiini cha yai alichotoka nacho kinamlisha kwa siku mbili hivi, kwa hiyo wasiwasi wako wa kwanza uwe kiu kuliko njaa.

Jioni tazama vidole. Vikivimba au kubadilika rangi, umekaza mno. Plasta ibadilishwe kila siku, maana anakua haraka. Ukianza siku ile ya kwanza au ya pili, wengi wanatembea wima ndani ya siku chache. Ukingoja wiki, mifupa imeshakomaa hivyo hivyo ilivyo, na hapo utasema plasta haifanyi kazi.

Vidole vilivyojikunja ndani kama ngumi ni jambo jingine. Mara nyingi hapo ni upungufu wa vitamini B2, na wakiwa wengi namna hiyo, tatizo lilianzia kwenye chakula cha kuku mama. Wape vitamini kwenye maji mapema. Na anayekwambia kifaranga wa siku mbili ana Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu, hajui anachosema: ugonjwa huo huonekana baada ya wiki kadhaa, na chanjo yake hutolewa siku ya kwanza, kulekule anakoanguliwa. Kideri nacho, ugonjwa unaoenea kundi zima, hakichagui watatu wa miguu na kuwaacha wengine wakirukaruka.

Wapo wasiopona, lazima niseme. Kano la kisigino likishachomoka mahali pake, kifundo kikavimba na mguu ukajipinda kabisa, hapo plasta haisaidii. Huyo mwulize bwana mifugo amalizwe vipi kwa haraka bila mateso. Kumtupa jalalani akiwa hai, apigwe na jua hadi afe, ni ukatili, na watoto wetu wanaona.

Baridi ya Juni na Julai huku kwetu inaongeza balaa, kwa sababu wanarundikana na kukanyagana. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Ukitumia jiko la mkaa, hewa ipite.

Ila hasira yangu kubwa nawawekea wanaototolesha. Kipande cha kitambaa kikavu na kisafi kwenye trei siku ya 18 kingewaokoa wengi, lakini hasara inamwangukia mama aliyekopa kikoba anunue vifaranga 50. Kwa hiyo mnunuzi, usikubali kuonyeshwa vifaranga wakiwa wamebanana ndani ya boksi. Tandika kanga yako chini, mtoe mmoja mmoja, atembee. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine. Pale Tengeru wapo wengi.