Pole kwa Msiba wa Gdańsk

Baba mkubwa ndiye mkalimani wa ukoo wetu, cheo alichojipa mwenyewe. Habari za Kiingereza zikimsifu kipa kwa "clean sheet", anatuambia huyo ni kijana msafi, hata mashuka yake anayafua. Najua fika kwamba maana yake ni kipa hakufungwa bao, lakini nani atambishia?

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021 aliniomba simu asome habari za fainali ya Europa League iliyochezwa Gdańsk, Poland, maana usiku ule alilala mapema. Nikampa, nikaenda kupiga mswaki. Mara nikasikia "Masikini wee!" Nikatoka mbio na mswaki mdomoni.

"Villarreal wameifunga Manchester United kwa 'sudden death'," akasema, miwani mkononi. "Mtu kafa ghafla uwanjani."

Nilitaka kumweleza kwamba dakika 120 ziliisha 1-1, penalti tano tano zikashindwa kuamua, na kuanzia hapo timu moja ikikosa na nyingine ikapata, mchezo umekwisha palepale. Hicho ndicho "kifo" chenyewe. Lakini mdomo wangu ulikuwa povu tupu, na mzee alikuwa keshampigia kaka yangu, mshabiki wa United wa kulia machozi. Akaweka spika ili na mimi nisikie msiba.

"Mwanangu, nimepata habari. Pole sana."

"Asante, baba. Sijalala."

"Ni nani hasa?"

"De Gea." Sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

"Jamani! Ilikuwaje?"

"Kapigwa kumi na moja, baba. Hakuokoa hata moja."

"Kumi na moja! Mtu mmoja?"

"Wapi! Timu nzima, mmoja baada ya mwingine. Ya mwisho kapiga kipa mwenzake, Rulli."

"Kipa kwa kipa! Na refa alikuwa wapi?"

"Si yeye ndiye aliyekuwa anapuliza filimbi wapige!"

Baba mkubwa akatafuta kiti, akakaa. Mimi nilikwenda kutema povu, nikacheka mpaka nikapaliwa. Niliporudi, kaka alikuwa anasema kwamba lawama zote zisiende kwa marehemu. Sijui kama alikuwa anatania au uchungu ndio ulikuwa unaongea.

Nikachukua karatasi, nikamchorea mzee goli na mistari ya penalti: zote za Villarreal nyavuni, za United kumi nyavuni, kisha De Gea mwenyewe akapiga, Rulli akadaka. 11-10. De Gea yu hai, mzima kabisa, kaenda zake kulala.

Mzee akaitazama ile karatasi.

"Sasa mtu kakosa penalti, kifo kinatokea wapi? Hawa Waingereza hawana adabu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kumuuliza alikuwa anaandika nini kabla ya kupiga simu. Hakujibu. Nikafungua kundi la familia, nikakuta tangazo la msiba, kwa jina langu, maana simu ni yangu. Shangazi alikuwa ameshauliza mazishi ni lini. Na binamu mmoja, mshabiki wa Arsenal, alikuwa amemjibu:

"Tumeshazika jana usiku, shangazi. Marehemu walikuwa kumi na mmoja."

Chini yake: kaka ameondoka kwenye kundi.